Google Maps, Waze, OsmAnd na Organic Maps: ipi ya gari, ipi ya bodaboda

Hizi ni programu nne za ramani za simu. Majibu kwanza, maelezo baadaye. Gari la mjini lenye bando la uhakika: Google Maps, na Waze kwa anayekaa kwenye foleni kila siku. Bodaboda na bajaji: Google Maps hadi mtaani, halafu Organic Maps kwa mita 500 za mwisho. Safari ya mikoani: OsmAnd, ramani iwe imeshushwa kabla hujatoka nyumbani. Holda ya sumaku kwenye pikipiki: usinunue. Chaja iliyoungwa kwenye waya wa taa kubwa: ni kuitafutia simu kifo.

Kwa nini simu, wakati gari lina skrini yake? Magari mengi yanayoshuka bandari za Dar na Mombasa yametumika Japani. IST au Noah inakuja na redio yenye skrini nzuri tu, ila ramani iliyomo ni ya Japani, kwa Kijapani. Ukiiwasha ukiwa Tabata haina msaada wowote. Kwa hiyo simu, hata kwa mwenye gari la bei.

Google Maps

Kwa foleni za mjini hakuna inayoishinda. Ile rangi nyekundu inatokana na simu za watu walioko barabarani, kwa hiyo penye watu wengi inasema kweli, na penye simu chache inakisia. Morogoro Road saa kumi na moja jioni iamini. Barabara ya ndani ya Bunju, ikikuonyesha buluu tupu, maana yake inaweza kuwa tu kwamba hakuna aliyepita.

Udhaifu wake wa kwanza uko kwenye kutafuta. Andika "Mbezi" peke yake uone: kuna Mbezi Beach na kuna Mbezi Luis iliko stendi kuu ya mabasi, na baina yake ni zaidi ya kilomita 10. Dereva anayegusa jibu la kwanza bila kusoma mstari wa pili ulio chini ya jina anamkosesha abiria basi. Kabla ya kubonyeza "Anza", tazama umbali. Kama ulitegemea kilomita 6 na inakwambia 19, umechagua siko.

Udhaifu wa pili: njia za udongo. Google inakuruhusu kuepuka barabara za tozo, barabara kuu na vivuko, lakini haina swichi ya kuepuka barabara isiyo na lami. Kiangazi si tatizo. Masika, ile "njia ya haraka zaidi kwa dakika 4" inayokata mabondeni kule Goba au Madale inaweza kukuachia gari kwenye tope hadi kesho. Dakika 4 si kitu. Ukiona njia inaacha lami kwa ajili ya dakika 4, baki kwenye lami.

Vivuko navyo. Kwenda Kigamboni kuna Kivuko cha Magogoni na kuna Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Kwenye ramani kivuko ni mstari mfupi mno, na muda unaoonyeshwa haukuhesabii magari 40 yaliyo mbele yako getini. Likoni, Mombasa, mambo ni yale yale. Weka "epuka vivuko" na uiondoe kwa makusudi siku unayotaka kuvuka kwa kivuko.

Kwa pikipiki kuna hali yake maalumu. Ilianzia India Desemba 2017, na Kenya ikaipata mwaka 2018. Angalia safu ya alama za usafiri juu ya njia: kama kuna ya pikipiki, ichague, kwa sababu hupiga hesabu ya muda na njia tofauti na gari. Kama haipo kwenye simu yako, unapewa njia za gari, na hapo Nairobi kuna mtego. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, hairuhusu pikipiki wala tuktuk. Anayetumia hali ya gari bila kuweka "epuka tozo" ataelekezwa moja kwa moja kwenye geti ambalo hataruhusiwa kupita.

Na hata mwenye gari ana shida yake pale. Sehemu ya barabara hiyo imepita juu ya Mombasa Road na Waiyaki Way. GPS ya simu inajua vizuri uko wapi kwa kushoto na kulia, lakini kwa juu na chini inababaisha. Uko chini kwenye Mombasa Road, simu inaamini uko juu, kwa hiyo inanyamaza kilomita nzima huku wewe ukiipita kona yako. Dalili ni hiyo: kimya kirefu mahali penye makutano mengi. Dawa ni kusogeza ramani kwa kidole mkiwa mmesimama kwenye mataa na kuona mstari wa buluu unatokea wapi, au kuchagua njia upya ukiwa na "epuka tozo". Dar, kwenye flaiova ya Mfugale pale Tazara na ile ya Kijazi Ubungo, kosa ni lile lile kwa kiwango kidogo, fuata mabango.

Ramani ya nje ya mtandao inashushwa hivi: gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, chagua ramani yako mwenyewe, vuta fremu hadi ifunike mji wote na barabara ya kutokea, shusha kwa Wi-Fi. Jua unachokosa: bila mtandao Google inakupa njia ya gari tu. Haina foleni, haina njia mbadala, haina njia ya kutembea kwa miguu. Na ramani hiyo ina muda wa kuisha. Ikiisha bila kusasishwa inafutika, na mara nyingi utaligundua hilo ukiwa porini.

Waze

Imekuwa mali ya Google tangu 2013 lakini tabia yake ni tofauti. Ni programu ya madereva wanaoarifiana: shimo, ajali, gari bovu, trafiki mwenye tochi ya kupima kasi. Ubora wake basi ni idadi ya watumiaji walioko mbele yako. Nairobi inapendeza. Dar inaridhisha saa za foleni. Kati ya Dodoma na Singida usiku, hakuna wa kukuarifu, na ukimya wa Waze usidhani ni usalama. Kwa habari ya tochi, hesabu ni moja: kwenye makazi kibao kikisema 50, ni 50, hata programu isiponena kitu. Kasi inayoonyeshwa na simu nayo huchelewa sekunde moja au mbili, hivyo ukifunga breki mbele ya tochi usiitumie kama utetezi.

Inachoishinda Google ni mipangilio. Ina chaguo la barabara zisizo na lami: ruhusu, usiruhusu, au epuka zilizo ndefu tu. Hilo la tatu ndilo la kuweka, maana ukizuia zote hutafika hata nyumbani kwako. Ina aina ya chombo, na pikipiki imo. Pia inakuruhusu kurekodi maelekezo kwa sauti yako mwenyewe, kwa hiyo ukitaka ikwambie "kipilefti, toka ya pili" kwa Kiswahili cha mtaani, unaweza.

Kwa bodaboda hatuipendekezi. Haina ramani za kushusha, inataka bando muda wote ili ipange njia, inakula betri, na skrini imejaa vialama ambavyo mtu aliyeshika usukani wa pikipiki hana nafasi ya kuvisoma.

Organic Maps na OsmAnd

Zote mbili zinatumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Kwa kusikia hivyo wengi huzidharau, na hapo ndipo wanapokosea, hasa Dar es Salaam. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ukiwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe, ulipita kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwemo, ukachora nyumba, mitaro, vichochoro na vivuko vya miguu. Kibera, Nairobi, kazi ya namna hiyo ilianza mapema zaidi, 2009. Matokeo yake ni kwamba mahali ambapo Google inaonyesha eneo la kijivu lenye barabara mbili, Organic Maps inaonyesha upenyo unaopita nyuma ya msikiti hadi kwenye mlango wa mteja. Kwa dereva wa bodaboda mwenye oda ya chakula inayopoa, hiyo ndiyo tofauti.

Organic Maps ni nyepesi, bure, haina matangazo. Unashusha eneo mara moja na linafanya kazi bila bando kabisa. Haina hali ya pikipiki. Ina gari, miguu na baiskeli. Ujanja ni huu: tumia hali ya gari hadi barabara ya mtaa, kisha geuza kuwa baiskeli kwa kipande cha mwisho, usijali muda inaousema. Angalia tu isije ikakupitisha kwenye ngazi au daraja la mbao la waenda kwa miguu. Haijui foleni hata kidogo. Majina ya biashara ni machache kuliko Google, kwa hiyo usitafute jina la duka humo. Peleka alama ya mahali.

OsmAnd ni kisu cha mikunjo mingi. Ina hali ya pikipiki, inaepuka barabara zisizo na lami, unaweza kuichagulia kila kitu. Gharama yake ni kwamba mara ya kwanza inachanganya, na kwenye simu yenye RAM ya GB 2 inajikongoja ikipanga njia ndefu. Toleo la bure lina kikomo cha ramani 7 za kushusha, ambazo kwa Tanzania na jirani zinatosha. Kwa lori au gari la safari ndefu ndiyo ya kuweka.

Ila ramani za nje ya mtandao hazikukumbushi uzee wake kwa ukali. Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Mwenye ramani aliyoishusha kabla ya hapo na hajaigusa tena, simu yake bado inaweza kumpangia kivuko huku daraja analiona kwa macho. Sasisha kila miezi michache, kwa Wi-Fi.

Lokesheni uliyotumiwa

Nusu ya makosa yanayotupiwa programu ni makosa ya lokesheni. Mteja akiwa ndani ya nyumba ya bati au ghorofani, simu yake inakisia. WhatsApp yenyewe inamwandikia, chini ya kitufe cha kutuma mahali alipo, usahihi ni wa mita ngapi. Mwambie hivi: "Dada, toka nje, subiri ile namba ishuke chini ya 20, ndiyo utume." Sekunde kumi na tano za kusubiri zinaokoa dakika kumi za "niko hapa, hunioni?" Na asichague jina la mahali pa jirani kwenye ile orodha, kwa sababu hapo anakutumia duka, si yeye.

Akikutumia namba za mahali, ya kwanza ni ya kusini–kaskazini, ya pili ya mashariki. Dar ni kama -6.8, 39.28. Ile alama ya kutoa mbele ndiyo inayosema uko kusini mwa Ikweta. Ikidondoka wakati wa kunakili, simu itakupeleka Ethiopia, kwa upole na bila kucheka.

Holda

Kwa gari hakuna mengi: ya kubana kwenye tundu la kiyoyozi ni bora kuliko ya kunyonya kioo, kwa sababu hewa baridi inapoza simu. Ya kioo inaiweka simu juani, na simu juani ikiwa na ramani na chaji kwa pamoja itapunguza mwanga yenyewe kisha igome. Apple inataja nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi kama mazingira ya kufanyia kazi iPhone, na dashibodi ya Dar mwezi Februari inazivuka kabla ya saa nne asubuhi.

Pikipiki ni habari nyingine. Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari rasmi kwamba mtikisiko mkali wa injini za pikipiki, ukipitia kwenye fremu na usukani, unaweza kuharibu kamera ya iPhone. Sababu ni kwamba lenzi yenye kutuliza picha haijafungwa imara. Inaelea na kusogezwa kwa sumaku. Simu za Android zenye kamera ya aina hiyo ziko kwenye hatari hiyo hiyo. Dalili: ukifungua kamera picha inacheza kama maji, au inatoa sauti ya kutetemeka. Boxer na TVS ni za silinda moja, na silinda moja ndiyo inayotetema. Simu ya bei nafuu isiyo na kituliza picha ina nafuu katika hili, kwa hiyo wengi huweka simu ya kazi kwenye usukani na ya maana mfukoni.

Holda ya kununua ni ya alumini au plastiki nzito, inayoshika pembe nne, yenye mpira kati ya chuma na usukani. Usukani wa pikipiki nyingi ni mm 22. Holda ya mm 25 hadi 32 itazunguka hata ukikaza vipi, labda uvungie kipande cha tairi la ndani. Zile zinazofungwa kwenye shina la saiti mira zinaonekana vizuri zaidi ila zinatikisika zaidi, kwa kuwa mkono ni mrefu. Kama bajeti inaruhusu, chukua yenye kituliza mtikisiko cha mpira. Halafu hakikisha mikono ya pembeni haikai juu ya kitufe cha kuwashia. Hili ndilo chanzo cha "simu inajizima kwenye matuta": haijizimi, inabonyezwa. Kaza skrubu kila wiki, na funga kamba nyembamba kama bima.

Sumaku ina tatizo la pili zaidi ya kuachia simu. Inaivuruga dira. Ukisimama kwenye mataa mshale unazunguka, unaambiwa uelekee nyuma. Ukitembea unarudi sawa, kwa sababu ukiwa mwendoni simu inajua uelekeo kwa GPS.

Umeme

Simu yenye ramani, mwanga juu, inakula wati 3 hadi 5 hivi. Chaja ya volti 5 ampea 1 inatoa wati 5 kwa maandishi, na kwa kweli chini yake. Ndiyo maana asilimia zinashuka huku alama ya chaji inawaka. Chukua ya ampea 2 au 2.4. Kwenye magari makubwa, Fuso na Scania, umeme ni volti 24: soma ubavuni mwa chaja kama imeandikwa 12–24V, la sivyo itaungua siku ya kwanza.

Kwenye pikipiki mwachie fundi umeme, ila simama naye. Pikipiki nyingi za bei nafuu taa kubwa hulishwa moja kwa moja na koili ya injini, si betri. Umeme huo ni wa kupanda na kushuka kwa kadiri ya mafuta unayovuta. Waya unaofaa ni ule unaoingia kwenye swichi ya taa ya breki. Upime kwa mita: ufunguo umezimwa, sifuri, ufunguo umewashwa injini imezimwa, kama 12, injini inaunguruma, kati ya 13.5 na 14.5. Waya usioonyesha kitu hadi injini iwake, huo ni wa koili, achana nao. Weka fyuzi ya ampea 2 au 3 karibu na mahali ulipochukua umeme, na tundu la USB liwe na kifuniko cha mpira kinachotazama chini.

Mvua, sauti na mipangilio

Matone ya mvua yanabonyeza skrini kama vidole. Mfuko wa plastiki unazuia maji lakini unafuga joto na ukungu. Kwa hiyo mvua ikinyesha simu iingie mfukoni na usikilize. Kwa kweli hata bila mvua, kwa pikipiki sauti ni bora kuliko skrini: spika ya bluetooth ndani ya kofia, au sikio moja tu, la pili libaki kwa honi. Google ina sauti ya Kiswahili. Ichague kwenye mipangilio ya sauti na uweke kiwango cha juu. Trafiki akikukuta umeishika simu mkononi, hakuna hoja ya ramani itakayokusaidia.

Ramani ikikatika kila skrini inapozima, si ramani. Ni kiokoa betri. Tecno, Infinix na Xiaomi hupenda kuua programu za nyuma. Ingia mipangilio, programu, chagua ramani unayotumia, sehemu ya betri, iondolee vizuizi. Kisha ruhusa ya mahali iwe "wakati wote" na usahihi kamili uwashwe.

GPS haili bando, ila bila intaneti inachelewa kushika setilaiti. Kila setilaiti hutangaza data zake kwa sekunde 30, na simu iliyozimwa siku nyingi inaweza kuhitaji dakika kadhaa chini ya anga wazi. Fungua programu ukiwa nje, umesimama, subiri lile duara la buluu lipungue. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, kuta ndefu zinarudisha mawimbi na nukta inaruka hadi mtaa wa pili. Hapo egesha, ulizia kwa mdomo.